UJUMBE HAUJAFIKA MPAKA UMEJIBIWA
Kisa cha mhandisi, kompyuta za nyumbani na sauti ya askari mstaafu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama zetu hizi daftari lenyewe limehamia ndani ya mashine, na siku linapopotea halitafutwi tena kabatini, bali hutafutwa na fundi mwenye bisibisi na chuma cha kulehemu. Sisi tunaoandika makala haya kazi yetu ni uhandisi wa umeme hapa mjini Kampala, na kwa zaidi ya robo karne tumeishi na kompyuta nyumbani kama mtu aishivyo na mifugo: tukizilisha, tukizitibu na nyingine tukizizika. Leo tumekusudia kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi kisa kilichotupata, kwa sababu funzo lililomo ndani yake tulifundishwa na askari, nasi tukalipuuza.

MTOTO WA KAMBI

Tulilelewa katika kambi ya polisi ya Nsambya, ndani ya zile nyumba za bati za mviringo ambazo kila askari wa Uganda anazifahamu. Mchana ni tanuri. Usiku mvua ikinyesha watu hawasikilizani. Kambini hapo Mwacholi, Mteso, Mnyankole na Mlugbara walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, na watoto wao wakigombana na kupatana kwa Kiswahili. Ndiyo maana lugha hii kwetu si ya shuleni, bali ni ya uani.

Baba yetu mzazi alikuwa mtu wa mawasiliano. Alijiunga na polisi mwaka 1965, na hadi alipostaafu mwaka 1992 kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya simu ya upepo, visikilizio masikioni na penseli mkononi. Hakupenda kalamu ya wino, kwani alisema wino hukimbia mvua kama mwizi akimbiavyo tochi. Nasi watoto alitufundisha kanuni moja tuliyoisikia mara nyingi hata tukaichoka: “Ujumbe haujafika mpaka umejibiwa.”

Wasomaji wetu wanaijua vyema kanuni hiyo. Askari wa mawasiliano hapeleki habari kisha akaondoka kwenda kunywa chai. Hungoja mwenziwe wa upande wa pili amrudishie aliyoyasikia, neno kwa neno na tarakimu kwa tarakimu. Kama jibu halikuja, basi ujumbe haukufika, hata kama umeutamka mara kumi kwa sauti nzuri.

KOMPYUTA SITA

Kompyuta yetu ya kwanza tuliinunua mwaka 1998, nayo ilikuwa imekwisha kutumika kwingine. Ilikuwa ya aina ya 486, yenye kumbukumbu ya megabaiti 8 na diski ya megabaiti 540. Leo picha mia mbili tu za simu ya mkononi zaweza kuijaza diski hiyo, lakini siku ile tuliibeba kutoka Wandegeya hadi nyumbani kwa fahari kubwa.

Tangu siku hiyo chumba kimoja cha nyumba yetu kimekuwa hospitali ya mashine. Vumbi jekundu la Kampala huingia ndani na kuzifunika feni zake mpaka joto likapanda na mashine ikazimika yenyewe. Ile betri ndogo mfano wa sarafu, inayolinda saa ya kompyuta, hufa baada ya miaka michache, na kila asubuhi mashine huamka ikiamini kwamba ingali katika mwaka iliotengenezwa. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 lilizuka tatizo lililosumbua dunia nzima: kapasita zilizotengenezwa vibaya zilivimba vichwa na kuvuja, na mashine nzima zikawa taka. Sisi tulizing'oa moja moja na kulehemu nyingine, tukikesha mpaka jogoo wa jirani akatukuta macho.

Kisha likaja giza la mwaka 2006, wakati maji ya Ziwa Victoria yalipopungua na mitambo ya Jinja ikashindwa kutoa umeme wa kutosha, nchi ikaingia katika mgawo mkali. Tulinunua betri za gari na chombo cha kugeuza umeme wake, na sebule ikanuka tindikali. Mama watoto, ambaye ni mwalimu na mtu wa maneno machache, alituambia usiku mmoja: “Nyumba hii ina kompyuta sita, na hakuna hata moja inayofanya kazi.” Hatukuwa na la kumjibu, kwani alikuwa amehesabu sawasawa.

SAUTI YA MZEE

Mwaka 2011, baba alipokuwa amekwisha kuwa mzee wa fimbo, tulimwomba atusimulie maisha yake nasi tuyanase kwa kompyuta. Alikubali kwa sharti moja: kazi ifanywe kwa utaratibu. Kwa jioni kumi na moja alikaa kitini, shati limepigwa pasi, akazungumza muda wa saa moja kila jioni. Kabla ya kuanza aliandika kwa penseli katika daftari lake la shule tarehe, saa na jambo atakalolisema. Tulimwambia kwamba mashine yenyewe huandika tarehe. Akatutazama tu, kisha akaendelea kuandika.

Mwaka uliofuata tulinakili sauti hizo katika sahani nne za DVD pamoja na picha za familia, tukaandika juu yake jina la baba, tukaziweka katika sanduku la chuma juu ya kabati. Tulijiona tumemaliza kazi. Mwaka 2014 baba akafariki. Kusikiliza hatukuthubutu, maana majonzi yalikuwa mabichi. Tulisema tutasikiliza baadaye.

USIKU WA APRILI

Yafaa ieleweke kwamba nchi yetu ni makao ya radi. Tororo iliwahi kuingia katika vitabu vya rekodi za dunia kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kati ya mwaka 1967 na 1976. Nasi wa kando ya ziwa hatuko mbali nao. Kila fundi anajua kwamba mbingu zikianza kunguruma, waya huchomolewa ukutani. Nasi tulijua. Lakini usiku mmoja wa Aprili 2019 tulilala tumechoka, mashine imechomekwa, na kile kifaa cha kusawazisha umeme tulikuwa tumekihamishia kwenye friji. Kosa hilo lilikuwa letu peke yetu.

Asubuhi chumba kilinuka moshi. Diski haikuzunguka.

Tulikimbilia sanduku la chuma. Sahani tatu hazikusomeka kabisa. Rangi maalumu inayobeba maandishi katika sahani za kunakilia huharibika kwa joto na mwanga, nasi tuliziweka chini ya mabati kwa miaka saba. Sahani ya nne, iliyopaswa kuwa na sauti, ilifunguka vizuri, lakini ndani yake hamkuwa na kitu. Kazi ya kunakili ilikatika njiani mwaka ule wa 2012, nasi hatukurudi kuangalia. Miaka saba tulitunza sahani tupu iliyoandikwa jina la baba. Tulikuwa tumepeleka ujumbe bila kungoja jibu.

KUITAFUTA DISKI

Ndani ya diski za namna ile mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hupita juu yake kwa nafasi ndogo mno, mara maelfu kuliko unene wa unywele. Chini yake pana ubao mdogo wa saketi unaoiongoza. Juu ya ubao huo kuna diodi mbili ambazo ni walinzi wa lango: umeme ukizidi, hujitoa mhanga ili zilizo nyuma yake zipone. Mara nyingi kuziondoa hizo zilizokufa kwatosha kuifufua diski. Kwetu haikutosha, kwa kuwa moto ulikuwa umevuka lango na kuunguza chipu inayoendesha mota.

Basi ikabidi kupata diski nyingine ya aina ile ile, yenye ubao wa namba ile ile. Tulizunguka majuma mawili katika maduka ya mitumba katikati ya mji, mpaka kijana mmoja fundi akaitoa katika katoni la taka. Hata hivyo ubao hauhamishwi hivi hivi. Kila diski ina vipimo vyake yenyewe, vilivyohifadhiwa katika chipu ndogo yenye miguu minane, na bila chipu hiyo ubao mpya hauitambui sahani. Usiku wa Jumamosi binti yetu alishika taa, nasi tukaing'oa chipu ile kwa pumzi iliyozuiwa na kuilehemu mahali pake papya.

Diski ikazunguka. Ikasikika ikigonga kwa ndani, kama mtu abishaye hodi, na kila fundi anajua mgongo huo una maana kwamba muda uliobaki ni mfupi. Binti akauliza: “Baba, tuanze na nini?” Humo mlikuwa na michoro ya kazi tuliyodaiwa na wateja, hati za kiwanja na picha za harusi yetu. Mama watoto, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyejibu: “Anzeni na Mzee.”

Diski iliishi saa tatu, kisha ikanyamaza na haikuamka tena. Sauti tisa kati ya kumi na moja zilipona. Picha nyingi zilipotea, na michoro ikabidi kuichora upya kwa hasara.

Ni zipi hizo mbili zilizopotea? Mashine haikuweza kutuambia. Tulilifungua daftari la shule. Maandishi ya penseli yalikuwa safi kama yaliyoandikwa jana. “Jioni ya 3: safari ya kwanza kwenda Moroto. Jioni ya 8: mama yenu.” Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, na jioni ile ndiyo pekee ambayo baba alitusimulia jinsi walivyoonana. Tulikuwapo alipokuwa akisema, lakini macho yetu yalikuwa juu ya kioo cha kompyuta, tukichunga mashine isikwame. Leo twakumbuka kwamba alicheka. Maneno yenyewe hatuyakumbuki.

MAMBO YA KUSHIKA

Ndugu askari, huenda huna kompyuta nyumbani, lakini simu iliyo mfukoni mwako ni kompyuta yenye nguvu kuliko zote sita tulizokuwa nazo. Wengi waliokwenda kutumikia Somalia tangu mwaka 2007 wanajua thamani ya picha ya mtoto ndani ya simu. Kwa hiyo twaomba mshike haya machache.

Kwanza, jambo usilotaka kulipoteza liwe na nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ilale nje ya nyumba yako, kwa ndugu au rafiki mwaminifu. Sauti ya saa moja huchukua kiasi cha megabaiti 60 tu. Utumishi wote wa baba yetu ungeenea katika flashi ndogo kuliko kidole gumba.

Pili, fungua nakala na uisome. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

Tatu, hakuna chombo cha milele. Hamisha kila baada ya miaka michache, maana flashi nazo hufa, na wala hazipigi hodi kabla ya kufa.

Nne, mvua ikinguruma, chomoa. Umeme ukirudi baada ya kukatika, ngoja dakika chache utulie.

Tano, kumbuka kwamba kufuta si kuangamiza. Unapofuta picha au waraka katika diski ya namna ile yetu, mashine hufuta jina lake tu katika orodha, na mwenye ujuzi aweza kuurudisha. Kwa hiyo siri za kazi zisikae kabisa katika mashine ya nyumbani, na usimpe fundi usiyemjua diski yenye mambo ya watu.

Siku hizi chumba chetu kimepungua mashine. Imebaki moja ya kazi, na nyingine ndogo iitwayo Raspberry Pi, ya jamii iliyoanza kutolewa Uingereza mwaka 2012, isiyozidi ukubwa wa kiganja na itumiayo umeme wa volti 5 tu, hata sola ndogo yaimudu. Hiyo ndiyo hulinda nakala. Mama watoto ameridhika kwa kiasi chake.

Kila Jumapili ya kwanza ya Januari familia hukutana mezani. Binti yetu hulishika daftari la babu yake na kusoma kwa sauti: jioni ya kwanza, jioni ya pili, jioni ya nne. Kila anaposoma, sisi hufungua nakala, na Mzee hujibu kwa sauti yake. Hapo binti hutia alama kwa penseli. Akifika jioni ya tatu na ya nane haziruki. Huzisoma nazo, kisha sote hungoja kidogo, naye huendelea.