Usimtume mtoto pombe

Ujiji ni mji wa misikiti na madrasa. Katika mitaa yake ya zamani mlevi akipita mchana watu humtazama mara mbili, na mzazi anayekunywa huenda kunywea mbali na kwake. Heshima hiyo imewakinga watoto wengi na haifai kudharauliwa. Ila ina upande wake wa pili: mtoto wa nyumba ya heshima akianza kuonja, wakubwa hufunga mlango ili jirani asijue. Aibu ikitangulia, msaada hufika mtoto ameshazoea.

Tena Ujiji haiishi peke yake. Ni manispaa moja na Kigoma mjini, yenye baa, vilabu vya pombe za kienyeji na mialo kama Kibirizi na Katonga, ambako pesa ya dagaa na migebuka hushikwa mkononi. Mtoto anayeanika dagaa kwa ujira ana noti mfukoni kabla ya kuwa na akili ya kuitumia.

Hilo la akili si tusi, ni sayansi. Ubongo wa binadamu huendelea kujijenga hadi karibu miaka 25. Sehemu zinazotafuta raha na msisimko huchangamka mapema. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayopima matokeo na kumwambia mtu aache, hukomaa mwisho. Ni mtumbwi uliofungwa injini kabla ya usukani. Pombe ikiingia wakati huo huvuruga pia hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, na mwalimu ataona matokeo darasani kabla mzazi hajanusa kitu.

Kuna jambo moja ambalo vijana hulisoma kinyume. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa panya walio katika umri wa kubalehe, wakipewa pombe, hawapati usingizi upesi kama panya wakubwa. Ikiwa binadamu yuko hivyohivyo, kijana anayejisifu kwamba pombe haimwangushi hana kichwa kigumu. Kengele ya kumwambia ametosheka ndiyo haijaanza kulia vizuri, naye ataendelea kumimina.

Kwa mtoto mdogo hatari ni ya papo hapo. Ini lake lina akiba ndogo ya sukari, na pombe hulizuia ini kutengeneza nyingine. Mtoto aliyekunywa bila kula anaweza kushuka sukari hadi apate degedege au apoteze fahamu, huku waliomzunguka wakisema, "Mwacheni alale, itamtoka." Asiachwe. Alazwe kwa ubavu, asilazimishwe kutapika, asimiminiwe maziwa wala kahawa mdomoni, akimbizwe hospitali. Gongo huongeza balaa lake. Kuipika bila leseni kumekatazwa na sheria ya mwaka 1966 kuhusu pombe ya moshi, lakini ingali inapikwa kwa siri, na kwa kuwa hakuna anayeikagua, mnywaji hajui kilichomo. Ikiwa na methanoli, mwili huigeuza methanoli hiyo kuwa asidi ya fomiki, ambayo huua mshipa wa fahamu wa jicho.

Je, kuanza mapema kunamfunga mtu maishani? Watafiti wa Marekani Bridget Grant na Deborah Dawson, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1997, walikuta kwamba zaidi ya asilimia 40 ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani wa maisha yao. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, ilikuwa karibu asilimia 10. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba umri peke yake ndio chanzo. Huenda nyumba iliyomwonjesha mtoto pombe ina matatizo mengine pia. Hata hivyo, tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mzazi kuipuuza.

Basi nini hufaa? Mahubiri na semina za shule zikisimama peke yake huleta matunda madogo. Kinachomgusa mtoto ni bei, ukubwa wa chupa, na umbali wa duka. Viroba vilitufundisha hilo: pombe kali, bei ya chini, pakiti inayoingia mfuko wa kaptura ya shule. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, kwa kutumia sheria ya mazingira, na sokoni vikatoweka haraka kuliko wengi walivyotarajia.

Mfano mwingine unatoka mbali. Iceland, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Wazazi waliwekeana ahadi za maandishi, wakazunguka mitaani usiku wa wikiendi, sheria ya kuwataka watoto wawe nyumbani usiku ikasimamiwa, na halmashauri zikachangia gharama za michezo na muziki. Mzee wa Ujiji akisikia hayo atacheka: mtoto kuingia ndani baada ya Maghribi ni malezi aliyokulia. Tulikuwa nayo, tukaanza kuyaona ya kizamani.

Kwa hiyo kazi iko karibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inakataza kumuuzia pombe. Lakini sheria hiyo huvunjwa kwa upole kila jioni, pale baba anaposema, "Nenda dukani kwa Mangi kaniletee bia mbili za baridi." Mtoto aliyezoeleka dukani kwa kutumwa, siku akienda kujinunulia hakuna atakayemuuliza. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kulifanya hilo ajenda ya mkutano: hakuna mtoto kutumwa pombe, hakuna duka kumpa. Kikundi cha usimamizi wa mwalo kinaweza kusema hivyohivyo ufukweni. Na maimamu, ambao neno lao Ujiji lina uzito, wawaambie wazazi kwamba mtoto anayekunywa apelekwe kwa mganga wa zahanati, asifichwe.

Wewe mwenye duka, akija mtoto na noti ya baba, mrudishe nayo. Na anayejua mtoto anayenyweshwa au kutumikishwa kilabuni apige 116, Simu ya Mtoto. Haina malipo.