Stashahada ya kompyuta: milioni tano zinarudi vipi?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi huanza kunijia dukani kwangu, hapa Msamvu, Morogoro. Mtoto hakupata alama za kumpeleka chuo kikuu, ila zinatosha kuingia stashahada ya teknolojia ya habari, miaka miwili. (Wa kidato cha nne huanzia astashahada, kwa hiyo kwake ni mitatu.) Wanachotaka kujua ni kama inalipa. Nilianza kuisoma 2014, na leo nafunga kamera na mitandao ya kompyuta. Huwa nawajibu kwamba inalipa, lakini fedha haiji haraka, na mara nyingi haiingilii mlango wanaousubiri wao.

Ada yangu ilikuwa 1,100,000 kwa mwaka, na wazazi wengi huishia kwenye namba hiyo kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Chumba tulichopanga wawili, chakula na nauli kwa miezi ishirini vilikula 2,600,000. Kompyuta mpakato ya mtumba kutoka Kariakoo, 400,000. Jumla milioni 5.2, bando la intaneti bado. Ukipata sapu au ukikeri somo la kuandika programu, ambalo ndilo lililowaangusha wengi wetu, gharama inaongezeka na muda nao unasogea.

Mama mdogo alimwambia mama bila kuficha: "Dada, hizo ni pikipiki mbili." Alisema kweli. Bodaboda wakati ule ilimletea tajiri hesabu ya 7,000 kwa siku. Pikipiki mbili kwa siku 26 ni 364,000 kwa mwezi, ukiacha matengenezo. Mimi nilipomaliza chuo 2016, shule moja ya binafsi iliniajiri kutunza maabara yake ya kompyuta kwa 250,000. Mzazi anayetegemea cheti kilete mshahara mnono mara moja aiangalie hesabu hiyo kabla hajauza kiwanja.

Fedha yangu ilianzia fildi. Fundi niliyepangiwa alinipa koleo la kubana vichwa vya waya wa mtandao na boksi la waya, akaniambia nisiondoke mpaka kipimaji kiwake taa zote. Ndani ya waya ule kuna nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili. Unazifumua, unazinyoosha kwa vidole hadi zilale sambamba, kisha unazipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Unazikata ncha zilingane, unasukuma zote ndani ya kichwa, unabana. Uzi mmoja usipofika mwisho, taa yake haiwaki, na kichwa hakifai tena. Unakata, unaanza upya. Darasani tuliuandika mpangilio huo kwenye mtihani, na wapo waliofaulu bila kulishika koleo hata siku moja.

Baadaye mwenye nyumba ya wageni akaniita kufunga kamera nne. Ufundi peke yake, bila vifaa, ulikuwa 150,000 kwa siku mbili. Kazi mbili za namna ile ndani ya mwezi zilizidi mshahara wangu wa shule.

Kubana waya, hata hivyo, kijana mwerevu anaweza kujifunza mtaani bila kulipa ada. Stashahada nilianza kuiona thamani yake nilipoitwa kwenye kazi zilizowashinda wengine. Ofisi moja mtandao wao ulikuwa unakatika kila asubuhi, wakiwa wameshabadilisha waya wote. Kumbe printa na kompyuta moja vilipewa anwani ileile ya mtandao, vikawa vinagombana kila vinapowashwa pamoja. Kuligundua jambo hilo kunahitaji uelewe anwani hizo zinavyogawiwa, na hilo nililipata kwa mwalimu aliyetufundisha kwa subira, ubaoni, mpaka likaeleweka.

Ipo na faida ya pili ambayo vijana huipuuza mpaka wamechelewa: GPA. Ukimaliza na 3.0 au zaidi, unaweza kuomba shahada kwa sifa linganifu. Ukiwa na 2.8, mlango huo umefungwa, na matangazo mengi ya nafasi za Afisa TEHAMA serikalini yanataka shahada. Tofauti hiyo ndogo ya alama ina uzito kuliko jina la chuo.

Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani zilizochaguliwa. Hakikisha kwenye mwongozo wa mwaka husika kama fani ya mtoto wako imo. Kumbuka pia kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Mzazi akishaamua, namwomba mambo mawili. Athibitishe kwamba chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa na NACTVET. Kisha aende chuoni siku ya masomo, saa nne asubuhi, aombe kuingia maabara, ahesabu kompyuta zinazowaka na wanafunzi waliokaa mbele ya kila moja. Wakiwa watano kwenye kompyuta moja, anayeshika kipanya ni mmoja, na ada wamelipa wote.