Korongo, Mgongo na Chemchemi katika Ramani

Katika maelezo ya ramani za milima, maneno bonde na korongo hutumiwa mara nyingi kana kwamba yana maana moja. Yafaa yatenganishwe. Bonde ni jina la jumla la ardhi iliyo chini kati ya miinuko, nalo laweza kuwa pana; korongo ni bonde jembamba, lenye kina na kuta zilizosimama, kama Korongo la Olduvai. Mgongo ni mwinuko mrefu utenganishao makorongo mawili. Mistari ya kontua, yaani iunganishayo mahali penye kimo kimoja, hupinda kote kuwili: penye korongo ncha huelekea juu mlimani, penye mgongo huelekea chini. Chemchemi, nayo, ni maji yatokayo ardhini yenyewe, kisima huchimbwa.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga wamejenga migongoni, na mifongo, yaani mifereji yao ya jadi, huwaletea maji kutoka makorongoni. Mfasiri akiyachanganya maneno hayo, fundi ataelekezwa kuyatafuta maji yasipokuwapo. Basi kila istilahi na ibaki na maana yake.