Zabuni za Usafi kwa Vikundi vya Watu Wenye Ulemavu

Mwananchi wa Nyansurura aendapo zahanati asubuhi hukuta sakafu imekwisha kupigwa deki na ua umefagiwa. Pale taasisi ya umma inapompa kazi hiyo mtu wa nje, nyuma ya ufagio ule kuna mkataba unaolipwa kwa fedha za umma, na mkataba huo unaweza kushikwa na kikundi cha watu wenye ulemavu.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalum, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Wazo hili si geni duniani. Marekani ilitunga sheria mwaka 1938 ili serikali inunue mifagio na bidhaa nyingine zilizotengenezwa na wasioona. Mwaka 1971 ikaipanua kwa watu wenye ulemavu mkubwa wa aina nyingine, na kwa huduma, usafi ukiwamo.

Wa kuanza naye ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi husajiliwa katika halmashauri, kisha katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambamo zabuni za umma hutangazwa. Asiyekuwa na simu ya intaneti asikate tamaa: aombe msaada halmashauri.

Pagumu zaidi ni bei. Chukua mfano, kwa tarakimu za kubuni: watu watano wanaotarajia shilingi 200,000 kila mmoja kwa mwezi ni shilingi 1,000,000. Sabuni, dawa ya vyoo, glavu na mifagio ni shilingi 180,000. Kikundi kikiomba zabuni kwa shilingi 1,000,000 ili kiwe cha chini kuliko wengine, kila mtu atabakiwa na shilingi 164,000, na hapo hakuna ndoo iliyopasuka wala mwenzao aliyeugua. Tena malipo hufuata kazi, hivyo vifaa vya mwezi wa kwanza vitanunuliwa kabla hata senti moja haijaingia. Kwa hitaji hilo ipo mikopo isiyo na riba ya halmashauri, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Jihadharini na mfadhili wa ghafla. Huja na fomu zilizokwisha kujazwa, huomba majina na vitambulisho, na huahidi kwamba "mambo yote" atayashughulikia yeye. Zabuni ikipatikana, akaunti ya benki ni yake, wafagiaji ni wake, na wenye majina hupewa nauli ya kurudi nyumbani. Kwa maoni yetu huu ni wizi, hata kama saini zote ni halali. Watia saini wa akaunti wawe wanachama wenyewe, na nakala ya mkataba ikae mikononi mwa kikundi. Mwanachama asiyeona asomewe kila ukurasa na mtu anayemwamini yeye, si aliyeletwa na mfadhili.

Kikundi kikienguliwa isivyo haki, malalamiko hupelekwa kwanza kwa maandishi kwa Afisa Masuuli wa taasisi husika. Kisiporidhika, hukata rufaa katika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Muda ni mfupi na huhesabiwa kwa siku za kazi. Barua iandikwe siku ileile taarifa inapopokelewa.