Bomba la Kinindo na Mlango wa Kivu

Kinindo ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, uliojitandaza kwenye uwanda hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwezi Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea, mkazi wake hulitazama ziwa lenye kina cha mita zipatazo 1,470, la pili duniani kwa kina, ilhali bomba la uani halitoi hata tone. Watoto hutumwa na bidoni wakatafute maji. Ukame gani huu unaomkuta mtu aliyepakana na ziwa?

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye nyaya za umeme. Maji mengi ya kunywa ya Bujumbura huvutwa ziwani na shirika la REGIDESO, yakasafishwa, kisha yakasukumwa kwa pampu kuupanda mji. Pampu hula umeme, na shirika hilohilo la maji ndilo linalosambaza umeme. Mabomba yaliyochakaa na mji uliokua kuliko mtandao wake vina lawama zao, sikatai. Lakini mgao wa umeme ukianza, maji nayo huingia kwenye mgao. Ukame hauna haja ya kulikausha ziwa ndipo ufike Kinindo. Huingia kwa njia ya waya.

Tuufuate waya huo. Sehemu ya umeme wa Burundi hutoka kwenye mabwawa ya ndani kama Rwegura, yanayoshuka mvua zikichelewa. Sehemu nyingine hutoka mto Rusizi, unaotiririka kutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,460, hadi Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi. Sehemu kubwa ya anguko hilo iko katika mabonde membamba kati ya Bukavu na Kamanyola, Kongo ikiwa ng'ambo moja na Rwanda ng'ambo ya pili. Ukishapita Kamanyola, mto hutulia ukapinda kwenye uwanda: Luvungi na Sange upande wa Kongo, Cibitoke na Gihanga upande wa Burundi.

Huko juu Wabelgiji walijenga kituo cha Rusizi I mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu na pale maji yanapotoka Kivu. Mwaka 1989 kikafuata Rusizi II, mali ya nchi tatu, Burundi, Rwanda na Kongo, kupitia kampuni ya SINELAC. Watu hukihesabu Rusizi I kwa megawati zake, ambazo hazifiki 30, wakasahau kazi yake kubwa zaidi: milango yake ndiyo inayoamua Kivu litoe maji kiasi gani.

Piga hesabu. Kivu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,400. Sentimita moja tu ya maji juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 24. Rusizi ukitoka ziwani na mita za ujazo 100 hivi kwa sekunde, sentimita hiyo inaulisha mto kwa karibu siku tatu. Kwa hiyo mvua zikikosekana, mto hauna lazima ya kupungua siku ileile. Ziwa ni ghala. Mwendesha mitambo anaweza kuendelea kufungua kama kawaida, taa zikawaka Bukavu, Kigali na Bujumbura, huku ziwa likishuka kidogo kidogo. Au anaweza kubana mapema, watu wakanung'unika kabla hawajauona ukame kwa macho. Kubana mapema kunahitaji ujasiri wa kisiasa, na ujasiri huo ni mgumu kupatikana pale wanaopaswa kukubaliana ni serikali tatu.

Walio chini ya mto huisikia milango hiyo kila siku. Mitambo hukazwa saa ambazo watu wanatumia umeme mwingi na kulegezwa saa nyingine, na kina cha mto huku uwandani hupanda na kushuka kwa kufuata ratiba hiyo. Wakulima wa mpunga wa uwanda huo, uitwao Imbo, wana kinga kidogo, maana mifereji mingi hutegemea vijito kama Mpanda, vinavyoteremka kutoka vilele vya msitu wa Kibira. Ila kinga hiyo inategemea msitu na udongo. Mvua inayonyesha kwenye kilima kilichovuliwa miti hufika mtoni kwa saa chache, ikiwa nyekundu kwa matope. Mvua hiyohiyo ikiingia ardhini chini ya miti, au kwenye mitaro ya kontua iliyopandwa majani, hutoka polepole hadi Julai. Kwa maoni yangu, hakuna bwawa la bei nafuu kuliko hilo.

Mwaka 2014 nchi hizo tatu zilikubaliana mkataba wa bonde la Kivu na Rusizi, ukazaa mamlaka ijulikanayo kwa kifupi ABAKIR. Utekelezaji umekwenda pole pole, na siasa haikuusaidia: Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na Februari 2025 Bukavu uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Isitoshe, miaka ya karibuni tatizo lililoonekana ni maji kuzidi. Ziwa Tanganyika lilipanda, eneo la Gatumba likazama, na nyumba za ufukweni zilizouingilia ukanda wa mita 150 unaolindwa na sheria ya maji ya 2012 zikaonja adhabu yake. Mwaka wa mafuriko hakuna waziri anayeitisha kikao cha ukame.

Na huo ndio wakati wake hasa. Kanuni ya kubana milango ya Kivu, yenye kiwango cha ziwa kinachojulikana na kiasi cha maji kinachosubiri kila nchi, iandikwe sasa maji yakiwa mengi, kabla yeyote hajajua ukame ujao utambana nani kwanza.