Ofisi ya Watu Wanane

"Hapa sisi ni familia." Ukiambiwa hivyo siku ya usaili katika kampuni ya watu wanane, uliza kwa upole: nikikosana na baba, nani atatusuluhisha?

Kampuni kubwa ina ofisi ya rasilimali watu, pengine hata tawi la chama cha wafanyakazi. Kwenye kampuni ndogo, mwenye mali ndiye meneja, mkewe ndiye mhasibu, shemeji ndiye msimamizi. Bosi akikufokea mbele ya wateja, kisha usiku akakuanika tena kwenye kikundi cha WhatsApp, wenzako hukaa kimya, na mmoja huweka dole gumba. Mnamwita chawa. Mimi siwezi kumlaumu sana. Ana kodi ya nyumba.

Mwisho wake ni barua: "Naacha kazi kwa sababu binafsi, nashukuru kwa ushirikiano." Ni adabu, lakini umejifunga. Kwa Tanzania, kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamhesabu kuwa ameachishwa hata yule aliyeacha mwenyewe kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike. (Aliye chini ya miezi 6 kazini hana kinga hiyo.) Aliyeacha hivyo anaweza kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila mzigo wa kuthibitisha hali hiyo ni wake, na ile barua ya shukrani mwajiri ndiye ataitoa kama kielelezo.

Kuna jingine. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinataka uwe umetumia kwanza njia za malalamiko zilizopo, isipokuwa una sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Utamshtaki bosi kwa bosi? Ndiyo, andika hivyo hivyo: tarehe, maneno yaliyosemwa, aliyekuwepo. Nakala mbili, moja aisaini kuwa ameipokea. Akigoma, itume kwa barua pepe. Usihifadhi chochote kwenye kompyuta ya ofisi pekee, maana siku ya kuachana nenosiri hubadilishwa kabla hujamaliza chai.

Shauri la kuachishwa hufunguliwa ndani ya siku 30. Ukipitisha, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze kwa nini ulichelewa. Hesabu hiyo inakula hata Jumapili, pamoja na zile wiki mbili ulizokwenda kijijini kupumua.