Habari za Boma la Kale la Arusha

Mtu atokaye shamba kuja Arusha kwa shughuli za barua au fedha hufika Posta, karibu na mnara wa saa, ule ambao wenyeji husema ndio nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Akiisha kumaliza haja yake, na akiifuata Barabara ya Boma kuelekea upande wa mlima, ataona mbele yake nyumba kuukuu yenye kuta nyeupe. Wengi huipita bila kuitazama mara mbili. Hilo ndilo boma la Wadachi, yaani Wajerumani, lililojengwa kati ya mwaka 1899 na 1900, nalo ndilo lililouzaa mji. Maana haukuwapo mji kwanza ukajengewa boma. Lilijengwa boma, ndipo maduka na njia zikalifuata.

Twapenda leo kueleza ujenzi wake. Nyumba ya namna hii ina maneno yake, na asiyejua kuyasikia huona mawe tu.

Anza na ile posta uliyotoka. Kazi ya posta ni kupokea watu, kwa hiyo mlango wake hutazama njia, na mgeni akiingia hukuta meza ndefu na mtu wa kumwuliza haja yake. Boma hujengwa kinyume cha hayo. Huigeuzia njia mgongo. Uzuri wake wote uko ndani, katika ua, na nyumba zimepangwa kuuzunguka ua huo kama watu waliokaa kuota moto, kila mmoja akimpa usiku kisogo.

Kawaida ya maboma ya Wadachi, toka pwani hata bara, ilikuwa hii: ukuta mnene wa mawe wenye pembe nne, ua katikati, lango kubwa moja, na mara nyingi mnara au buruji. Hata leo msafiri afikaye Mikindani, kusini kabisa mwa pwani yetu, ataona boma la mwaka 1895 lenye mnara wake na ua wake. Buruji haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Askari aliyesimama juu ya ukuta ulionyooka hawezi kumwona adui aliyejibanza chini yake ila kwa kutoa kichwa nje, na akitoa kichwa hupigwa. Bali aliyesimama katika buruji iliyotokeza pembeni huona urefu wote wa ukuta, na risasi yake hupita sambamba nao. Lango ni moja kwa sababu kila lango huhitaji mlinzi. Kadhalika madirisha ya nje hufanywa haba na madogo, maana dirisha liletalo upepo huleta na mshale.

Je, waliogopa nini? Wazee wa Meru na Arusha hawakuhitaji kuulizwa swali hilo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikuja Akeri, katika nchi ya Wameru, wapate mahali pa kukaa. Wapiganaji wakawaendea usiku, wakawaua. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kikosi cha Moshi, akaja na askari wake na wapiganaji wengi wa Kichagga, wakachoma nyumba, wakakata migomba, wakatwaa ng'ombe. Vita havikuisha kwa safari moja. Hata tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi, Wadachi wakamnyonga Mangi Meli pamoja na wakuu wengine, akiwamo Lobulu wa Meru. Basi boma lilijengwa katika siku hizo hizo, na watu waliojengewa ulinzi huo walijua sababu yake.

Lakini jambo lipasalo kukumbukwa zaidi ni mikono iliyolijenga. Si ya Wadachi. Ni ya Waarusha na Wameru, nao walifanya kazi kwa shuruti, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamepoteza ng'ombe na migomba yao.

Na kazi yenyewe haikuwa ndogo. Mlima Meru ni mlima wa moto, na mawe yake meusi ni tele, ila ni mazito na magumu kuchonga. Tena mawe hayashikani bila chokaa, nayo mawe ya mlima wa moto hayatoi chokaa. Yatakiwa mawe ya namna nyingine, yachomwe tanuruni kwa kuni nyingi sana, kisha yamwagiwe maji mpaka yawe unga, ndipo unga uchanganywe na mchanga. Mchanganyiko huo hukauka polepole, ukivuta hewa mwaka baada ya mwaka, na kwa sababu hiyo ukuta wa chokaa huzidi kuwa mgumu kadiri uzeekavyo. Sasa fikiri: reli haikufika Arusha mpaka mwaka 1929, wala motokaa hazikuwapo. Vitu vilichukuliwa kwa vichwa na mabega. Fundi huandikwa jina lake. Mchukuzi haandikwi, na majina ya wachukuzi hao hayakuchongwa katika jiwe lolote la boma.

Neno lenyewe nalo lilibadilika. Zamani boma lilikuwa ua wa miti au miiba uliozunguka mji au zizi, kuwazuia adui na simba. Kila mfugaji wa nchi hii alikuwa na lake. Wadachi walipojenga maboma yao, neno likahamia kwenye nyumba ya serikali, na "kwenda bomani" kukawa ndiko kwenda kulipa kodi au kuhukumiwa. Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na asiye na fedha alilipa kwa kazi. Kwa hiyo ua uliokuwa ukimlinda mtu ukawa ukuta wa kumwita mtu. Mimi naona mabadiliko ya neno hili moja yaeleza mengi kuliko kitabu kizima.

Nyumba za wenyeji zilikuwa za miti na udongo na majani, katikati ya migomba. Zikichakaa hujengwa upya, wala hakuna ahuzunikaye. Mdachi alijenga kwa mawe ili kila mtu ajue kwamba hana nia ya kuondoka. Akakaa miaka 16. Mwezi wa Machi mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Arusha, maofisa wapya wakakaa katika vyumba vile vile, hata mwaka 1934 ofisi zao zilipohamishiwa jengo jingine.

Tangu mwaka 1987 boma ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na muda wake umekwisha kuzidi mara mbili muda wa Wadachi. Ndani huonyeshwa habari za asili ya mwanadamu, kama zilivyofukuliwa Olduvai na Laetoli, na ziko pia habari za enzi ya Wadachi wenyewe. Ua ambao askari walifanyia gwaride sasa una majani na vivuli, na nyuma yake Mto Themi wapita kama ulivyopita kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Ukienda, usiishie kutazama yaliyomo makabatini. Simama penye dirisha la kale, weka mkono wako katika unene wa ukuta, upime ni shubiri ngapi kutoka ndani hata nje. Kila shubiri ililetwa na mtu.